Bata wa mwitu bwawani kwenu: mlinde matete, mtundike masanduku au muangue mayai?

Kikundi kina fedha kidogo za mazingira, bwawa lina bata wa mwitu ambao wazee wanasema walikuwa wengi zaidi zamani, na kikaoni kila mtu ana wazo lake. Mmoja anataka masanduku ya kutagia yatundikwe kwenye miti. Mwingine ameona kwenye simu vichanja vinavyoelea majini. Kijana mwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga wa kuku anasema tumpe mayai, atawaangua wote. Na yupo mzee wa pembeni anayesema ng'ombe wazuiwe kuingia kwenye matete, basi.

Nitayalinganisha mawazo hayo moja moja, ila jibu langu nalitoa mapema: kwa mabwawa mengi ya Kanda ya Kati, mzee wa pembeni ndiye aliye karibu na ukweli. Shilingi ya kwanza iende kwenye matete na nyavu. Masanduku yana mahali pake, vichanja vina mahali padogo sana, na mashine ya kutotoleshea ibaki kwa kuku.

Mnamlinda bata yupi?

Huku Dodoma na Singida karibu kila ndege wa majini mwenye mdomo bapa tunamwita bata maji, na tukiishia hapo tutakosea kuchagua. Bata hawatagi mahali pamoja. Bata mdogo mwenye mdomo mwekundu hutaga chini, kwenye nyasi zisizo mbali na maji. Wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi usiku wakiruka, nao kwa kawaida hutaga chini, kwenye majani marefu. Bata mkubwa mwenye kinundu juu ya mdomo hutafuta tundu la mti, na huku kwetu mibuyu yenye mashimo haijakosekana. Bata bukini wa Misri hana masharti: atataga ardhini, kwenye tundu, hata juu ya lile jumba la vijiti la fundichuma.

Halafu kuna bata maccoa, ambaye kwa jina la kisayansi ni Oxyura maccoa. Huyu IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imemweka kwenye kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka, na tangu 2007 ana mpango wake wa kimataifa wa uhifadhi chini ya mkataba wa AEWA, unaohusu ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Anapatikana Afrika ya mashariki na ya kusini tu. Kwa hapa nchini, maziwa ya Momella kule Arusha ni mahali panapojulikana kumwona. Hapendi maji ya kasi. Anapenda maji ya kina kifupi yenye tope zuri chini na matete pembeni, na mabwawa yaliyochimbwa na watu, hata ya majitaka, anayakubali vizuri. Kwa hiyo anayeishi karibu na bwawa la Hombolo, au na mabwawa ya majitaka ya Swaswa pale Dodoma mjini, ana sababu ya kubeba darubini.

Kumtambua si kazi kubwa. Dume wakati wa kuzaliana ana kichwa cheusi, mwili wa rangi ya kutu na mdomo wa buluu mkali kana kwamba umepakwa rangi jana. Jike ni wa kahawia, shavuni ana mistari miwili myeupe iliyofifia. Wote wana mkia mgumu ambao mara nyingi husimama wima. Ukimsogelea haruki; anazama, kisha anaibukia mbali akikupa kisogo.

Kiota chake kinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu ndicho kinachoamua uchaguzi wote. Jike huingia ndani ya matete yaliyosimama majini, huyakunja na kuyalaza hadi yapate umbo la bakuli, sentimita chache tu juu ya maji. Pengine huyavuta mengine juu yake yawe kama paa. Hapo hutaga mayai matano au sita hivi, meupe yenye samawati kwa mbali, ganda lake likiwa la kukwaruza, na makubwa kupita kiasi kwa mwili wake. Anaatamia peke yake kwa siku 25 hadi 27. Dume hana msaada wowote zaidi ya kugombana na madume wenzake. Vifaranga wakitoka huzamia tangu siku za mwanzo, wakitafuta mabuu ya visubi kwenye tope.

Sasa rudini kikaoni na mjiulize: bata huyu sanduku la mbao juu ya mti atalifanyia nini?

Hesabu ya kiota

Watafiti husema kiota kimefanikiwa pale angalau yai moja linapoanguliwa na kifaranga kutoka. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kugawanya viota vilivyofaulu kwa viota vilivyoonekana. Kiota kilicholiwa na kenge siku ya tatu hukukiona kabisa, kwa hiyo hakimo kwenye daftari. Ulivyoviona ni vile vilivyodumu. Ukihesabu hivyo utapata matokeo mazuri ya uongo. Mwaka 1961 Mmarekani Harold Mayfield alitoa njia ya kurekebisha hilo: hesabu siku ambazo kiota kilikuwa chini ya macho yako, na upate uwezekano wa kiota kupona kwa siku moja.

Inaonekana ni hesabu ya darasani, ila tazama inavyofanya kazi. Chukua siku 30 za kutaga na kuatamia. Kama kila siku viota 95 kati ya 100 vinapona, mwisho wa siku 30 vitakuwa vimebaki kama 21. Vikipona 98 kwa siku, vitabaki kama 55. Tofauti ya viota vitatu kwa siku imezaa zaidi ya mara mbili ya vifaranga. Ndiyo maana jambo dogo linalotokea kila siku, kama ng'ombe wawili kupita kwenye matete kwenda kunywa, linaweza kuwa baya kuliko tukio kubwa la mara moja.

Huku kwetu viota huharibiwa na nini? Kenge na nguchiro hula mayai. Kunguru naye, hasa mtu akiwa amemfukuza jike kiotani kwa kwenda kuchungulia. Mbwa wa wachungaji. Watoto wanaookota mayai. Mifugo inayokanyaga. Moto wa matete. Na maji yenyewe: Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua kubwa ikinyesha kwenye ardhi iliyo tupu, bwawa linapanda kwa usiku mmoja na bakuli lile la sentimita chache linazama.

Matete

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari imewapa silaha: inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Watu wengi wanaijua hiyo mita 60. Wasichokubaliana ni inapimwa kutoka wapi. Bwawa likiwa limejaa mwezi Machi, ukingo uko hapa. Septemba maji yamerudi nyuma sana, na wenye matango na mchicha wameyafuata hadi kwenye tope. Mvua ikirudi, yale matete yaliyotakiwa kumficha bata Januari yameshalimwa. Wekeni vigingi wakati maji yako juu kabisa, wenyeviti wa vitongoji wakishuhudia. Gharama yake ni vigingi, rangi na siku moja ya watu.

Moto ni jambo la pili. Matete huchomwa mwishoni mwa kiangazi ili yachipue majani laini ya mifugo. Machipukizi hayo hayamfichi bata anayetaka kutaga mapema. Si lazima kukataza kuchoma na kukata kabisa, maana watu wanahitaji matete kwa mapaa na mikeka, na katazo lisilofuatwa na mtu ni karatasi tu. Gaweni ukanda vipande vitatu, kila mwaka kikatwe kimoja, vingine vibaki vimezeeka. Mnataka matete ya mwaka jana yaliyosimama ndani ya maji, upana wa kutosha ili kenge asiweze kupekua yote kwa matembezi ya jioni moja.

Ng'ombe ndio ugomvi wenyewe. Kumwambia Mgogo kwamba mifugo yake isinywe maji kwa sababu ya bata ni kuchokoza vita ambayo utashindwa, na ni haki yako kushindwa. Kinachowezekana ni kuwapa njia moja pana ya kushukia majini, upande usio na matete, na inapowezekana mbauti ya kunyweshea iliyojengwa juu ya ukingo. Hapa ndipo fedha za kikundi zinakwenda kweli, na ndipo mtapata watu wa kuwaunga mkono, kwa sababu mfugaji naye hapendi ndama wake akwame kwenye tope.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haipigiki picha. Mfadhili akija ataona majani. Pia haizuii maji kupanda ghafla.

Nyavu

Hili si la viota moja kwa moja, lakini nalileta kwa sababu jike akifa, mayai yamekufa naye. Bata maccoa hupata chakula kwa kuzamia, na wavu wa kutega haumtofautishi na perege. Kunaswa na kuzama ni moja ya hatari zinazotajwa dhidi yake popote alipo. Bata anayechovya kichwa tu majini hana tatizo hilo kwa kiwango hicho.

Dawa yake haina gharama ila ina maneno mengi: makubaliano na wavuvi kupitia BMU yao, yaani kikundi chao cha kusimamia uvuvi, kwamba kuanzia Januari hadi Mei nyavu zikae mbali na ukingo wa matete, na zisiachwe zimetelekezwa. Wavuvi wenyewe ndio wanaojua bata wamenaswa wapi. Anzeni kwa kuwauliza badala ya kuwahutubia.

Kwa bei, njia hii inashinda zote. Kwa ugumu wa kuisimamia, nayo inaongoza.

Vichanja vinavyoelea

Hoja ya mwenye wazo hili ina akili: maji yakipanda, kichanja kinapanda nacho. Mnafunga mianzi juu ya madumu matupu, mnaweka udongo na matete juu, mnatia nanga. Ndege wa majini wa aina mbalimbali duniani wametumia vitu kama hivyo.

Lakini kwa bwawa la Dodoma naona shida tatu. Kamba ya nanga inayotosha Machi inakuwa ndefu mno Agosti, kichanja kinasukumwa na upepo hadi nchi kavu, na kenge anakaribishwa mezani. Jua letu linapasua madumu. Na bata maccoa anataka matete ya kukunja yenye maji chini yake, si sakafu. Mnaweza kujenga vitano na vyote vikakaliwa na ndege wengine, jambo ambalo si baya, ila silo mlilolipia. Ningeweka kichanja pale tu ambapo bwawa ni jipya, kingo zake ni za zege au mawe, na matete hayapo kabisa.

Masanduku

Hii ndiyo njia yenye historia nzuri. Marekani ilianza kutundika masanduku kwa ajili ya bata wa misituni wa kule, anayetaga kwenye matundu ya miti, katika miaka ya 1930, baada ya miti mikubwa kukatwa na bata kuwindwa mno. Kwa kusaidiana na udhibiti wa uwindaji, bata yule alirudi kuwa wa kawaida. Ni mfano unaotajwa kila mahali, na unatajwa kwa haki.

Kisichotajwa sana ni kilichofuata. Masanduku yalipotundikwa kwa makundi, mahali pa wazi, majike walianza kuonana wakiingia na kutaga kwenye sanduku moja. Sanduku likapata mayai 30 au zaidi, hakuna jike anayeweza kuyafunika yote, mengi yakaharibika. Watafiti wakashauri masanduku yatawanywe na kufichwa, kama matundu ya kweli yanavyokuwa. Kwa hiyo ukiona kikundi kimetundika masanduku kumi kwenye mgunga mmoja karibu na barabara ili mgeni rasmi ayaone, ujue walikuwa wanamjengea mgeni.

Kwa huku kwetu sanduku litamfaa bata mwenye kinundu, labda na bukini wa Misri, ambaye hayuko hatarini na hahitaji msaada wa mtu. Liwe na tundu kubwa la kutosha mwili wake, vumbi la mbao ndani kwa sababu bata haleti vijiti, na bati laini lililozungushwa kwenye nguzo chini yake ili kenge ateleze. Bila hilo bati mnajenga kabati la chakula cha kenge. Muangalieni nyuki pia. Sanduku tupu Dodoma halikosi wapangaji hao.

Ila kabla ya kununua mbao, hesabuni mibuyu na mikuyu yenye mashimo iliyobaki ndani ya kilomita mbili tatu za bwawa. Kama ipo, kuizuia isikatwe ni bei nafuu kuliko sanduku na inadumu kuliko kikundi chenyewe.

Kuangua mayai

Kijana wa mashine nia yake ni nzuri, na ndilo wazo linalopigiwa makofi mengi kikaoni. Nalipinga kwa sababu zaidi ya moja.

Kwanza ni sheria. Kuchukua wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kusema ulikuwa unawasaidia hakukupi kibali. Pili, kifaranga aliyelelewa na watu hujifunza kuwa watu ni salama. Mpeleke bwawani uone atadumu siku ngapi mbele ya mbwa na manati. Tatu, magonjwa ya banda la kuku yatasafiri naye.

Mtu atauliza: mbona Madagaska walifanya? Ndiyo, na mfano wao ndio unaonionya. Bata mmoja wa kule wa jamii ya wapiga mbizi, Aythya innotata, alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 2006 kwenye ziwa moja dogo la volkeno kaskazini mwa kisiwa. Walibaki kama 25 tu. Mwaka 2009 wataalamu wa mashirika ya uhifadhi ya Durrell na WWT, wakiwa na serikali na wenzao, walichukua mayai, wakajenga kituo cha kuwazalisha, na Desemba 2018 wakaachia bata 21 kwenye ziwa Sofia. Miaka tisa hiyo, na fedha ambazo hakuna halmashauri ya kwetu ingezipata.

Lakini lililo zito zaidi ni walichogundua njiani. Viota vya bata wale havikuwa tatizo kuu. Mayai yalianguliwa. Vifaranga ndio waliokufa, asilimia 96 wakiwa na wiki mbili hadi tatu, kwa sababu ziwa lile lilikuwa refu la kina na maskini wa chakula. Kifaranga alizamia akarudi mtupu. Ungeweza kuangua mayai yote na kurudisha vifaranga wote palepale, usipate bata hata mmoja. Kwa hiyo hata kwenu: kama matete hayapo na tope la pembeni limelimwa mchicha, vifaranga wa mashine watakula nini?

Linganisha na Hispania, kwa binamu wa karibu wa maccoa, yule mwenye kichwa cheupe. Mwaka 1977 walibaki 22 hivi nchini mle. Uwindaji ulizuiwa na mabwawa yao yakalindwa. Kufikia 2000 walihesabiwa zaidi ya 4,000. Kazi kubwa ilikuwa kuondoa kilichokuwa kinawaua na kuwaachia mahali pa kutagia.

Kila bwawa na lake

Kwa bwawa la aina ya Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lenye wavuvi, mashamba na tope linaloongezeka kila masika, ningeweka karibu fedha zote kwenye vigingi, njia ya mifugo na mbauti, kisha vikao vya wavuvi. Sanduku hata moja nisingenunua mwaka wa kwanza.

Bahi ni habari nyingine. Maji yale hutanda na kukauka, mwaka huu ziwa na mwaka ujao malisho, na mpunga unashindana na kila kitu. Ukanda wenye vigingi hautashika pale. Ningelenga kipindi badala ya mahali: makubaliano ya kutochoma na kutookota mayai katika miezi maji yanapokuwepo, na mibuyu ya pembezoni ilindwe. Hapa masanduku mawili matatu yaliyofichwa vizuri si upuuzi.

Kwenye mabwawa ya majitaka hakuna ng'ombe wala nyavu, uzio upo tayari. Kinachotakiwa ni mazungumzo na mamlaka inayoyaendesha, ili matete ya kingo yafyekwe baada ya Juni, na yafyekwe upande mmoja kwa mwaka.

Kokote mtakakoanza, mali bila daftari huisha bila habari. Mtu mmoja mwenye darubini akae mbali, aandike kila wiki majike wangapi wameonekana na wangapi wana vifaranga, na wa ukubwa gani. Hakuna haja ya kuingia kwenye matete kutafuta mayai. Njia utakayoacha ndiyo kenge atakayopita. Jike mwenye vifaranga wa wiki tatu ni ushahidi bora kuliko kiota ulichokichungulia.

Muda unaofaa kuanza ni Agosti na Septemba, wakati watu wana nafasi na kabla ya moto wa matete. Vigingi visubiri maji yajae. Nendeni kwanza kwa ofisa mazingira wa wilaya, halafu bodi ya maji ya bonde lenu, na hapo msichanganye: Hombolo iko Wami/Ruvu, Bahi iko Bonde la Kati, Mtera iko Rufiji. Barua iliyokwenda bonde lisilo lenu huchukua msimu mzima kurudi.